Mazoezi ya Mwili Unapokabiliwa na Ugonjwa Mzito: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mtu aliyeambiwa ana saratani, ugonjwa wa moyo, mapafu au figo, au anayesubiri upasuaji mkubwa, pamoja na yule anayemuuguza. Daktari wako anajua mambo ya mwili wako ambayo ukurasa huu hauwezi kuyajua. Mahali tulipotaja namba, zichukue umwonyeshe na kumwuliza: je, na mimi ni hivi?

Mtu tayari anaumwa. Mazoezi yatamsaidia nini?

Ugonjwa mzito hula nguvu kwa njia mbili. Kwanza ugonjwa wenyewe na matibabu yake: homa, uvimbe wa ndani, dawa kali, kukosa hamu ya kula. Pili, kulala. Hii ya pili watu huidharau, na ndiyo inayoangusha wengi.

Mwaka 1966, huko Dallas nchini Marekani, vijana watano wenye afya, wenye umri wa miaka 20, walilazwa kitandani wiki tatu kwa ajili ya utafiti. Uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ulishuka kwa zaidi ya robo. Walipopimwa tena miaka 30 baadaye, ilionekana kuwa zile wiki tatu ziliwapunguzia uwezo huo kuliko miaka yote 30 ya kuzeeka. Kwa wazee hasara ni ya haraka zaidi: siku kumi za kulala tu, bila ugonjwa wowote, zimeonekana kuwaondolea karibu kilo nzima ya misuli ya miguu. Na kwa mgonjwa mahututi, msuli wa mbele wa paja unaweza kupungua kwa karibu asilimia 18 ndani ya siku kumi.

Sasa fikiria kazi ndogo kama kuinuka chooni. Inahitaji kiwango fulani cha nguvu za mapaja, na chini ya kiwango hicho huinuki bila kushikwa mkono. Aliyeingia kwenye ugonjwa akiwa juu sana ya kiwango hicho atapoteza theluthi ya nguvu zake na bado ajihudumie. Aliyekuwa juu yake kidogo tu, ugonjwa uleule utamfanya ategemee watu. Ndiyo maana tunasema nguvu za mwili ni akiba, na hata mtu aliyekwisha kuugua bado anaweza kuiongeza, au angalau kuizuia isimomonyoke.

Kwa hiyo wanaofanya mazoezi hawaugui?

Wanaugua. Wanariadha hupata saratani, na watu wembamba wenye pumzi nzuri hupata shambulio la moyo. Mazoezi hupunguza uwezekano wa magonjwa kadhaa, hayafungi mlango. Asitokee mtu kumwambia mgonjwa kwamba ameugua kwa sababu ya uvivu.

Kuna ushahidi kwamba yanaongeza maisha, au ni kujisikia vizuri tu?

Kwa saratani ya utumbo mpana ushahidi ni mzito. Utafiti ulioanza mwaka 2009, uliofanyika zaidi Kanada na Australia na kuchapishwa mwaka 2025, uliwafuatilia wagonjwa 889 waliokwisha kufanyiwa upasuaji na kumaliza tibakemikali. Nusu walipewa maelezo ya maandishi tu. Nusu nyingine walisimamiwa kwa miaka mitatu ili waongeze mazoezi, kwa kiwango kinachokaribia kutembea haraka dakika 45 hadi 60, mara tatu au nne kwa wiki. Baada ya miaka minane, waliokuwa hai katika kundi la mazoezi walikuwa kama 90 katika kila 100, na katika kundi la maandishi kama 83. Hasara nayo ilikuwepo: waliofanya mazoezi walipata maumivu na majeraha ya misuli na viungo zaidi.

Angalieni vizuri hapo. Watu hawa hawakuacha upasuaji wala dawa wakakimbilia mazoezi. Waliyaongeza juu ya matibabu kamili. Kwa saratani nyingine nyingi, kilichothibitika vizuri ni kupungua kwa uchovu, wasiwasi na huzuni, na kuongezeka kwa uwezo wa kufanya shughuli za kila siku. Kwa mgonjwa hayo si madogo.

Nitajuaje nina nguvu kiasi gani kabla ya kuanza?

Vipimo vitatu, nyumbani, ukiwa na mtu kando yako.

Cha kwanza ni kiti. Tumia kiti kigumu kisicho na magurudumu, kiegemezwe ukutani. Kunja mikono kifuani, simama wima kabisa na kukaa mara tano haraka uwezavyo. Ukizidi sekunde 15, mapaja yako yamedhoofika na hapo ndipo pa kuanzia kazi. Ukishindwa kusimama hata mara moja bila kujisukuma kwa mikono, mwambie daktari kabla ya upasuaji wowote.

Cha pili ni mwendo. Pima mita 4 sakafuni, anza kutembea hatua mbili nyuma ya mstari ili uufikie ukiwa tayari kwenye mwendo wako wa kawaida. Kutumia sekunde 5 au zaidi ni dalili ya udhaifu unaostahili kushughulikiwa.

Cha tatu ni ngazi. Ukipanda ghorofa mbili mfululizo bila kusimama, moyo na mapafu vina akiba ya kutosha kwa upasuaji mwingi. Mtu mwenye maumivu ya kifua, au anayeishiwa pumzi akiwa amekaa, asijaribu kabisa.

Andika matokeo na tarehe. Rudia kila baada ya wiki mbili, kwa kiti kilekile. Kiti kirefu kidogo tu hubadilisha matokeo.

Nina wiki nne kabla ya upasuaji. Nifanye nini?

Wiki nne zinatosha kuleta tofauti, hata mbili si bure. Lakini upasuaji wa saratani usiahirishwe eti mpaka mgonjwa ajenge mwili. Tumia muda uliopo.

Tembea siku tano kwa wiki, ukifikia dakika 30; zikigawanywa mara tatu za dakika 10 hakuna ubaya. Siku mbili au tatu zisizofuatana, fanya mazoezi ya nguvu: kuinuka kitini, kuinua visigino ukishika meza, kusukuma ukuta, kuvuta mpira wa mazoezi. Siku moja au mbili za mwisho tembea kwa starehe tu, uingie chumba cha upasuaji misuli ikiwa haijachoka.

Zoezi la pumzi wengi hulisahau. Mara mbili kwa siku vuta hewa taratibu kupitia pua mpaka mbavu za chini zitanuke, ishikilie kwa sekunde tatu, itoe polepole. Rudia mara kumi, pumzika kila baada ya mara tatu au nne ili usipate kizunguzungu. Baada ya upasuaji wa tumbo au kifua mtu huogopa kuvuta pumzi kwa maumivu, sehemu za chini za mapafu hujifunga, makohozi hukwama, na nimonia huingia hapo. Anayejifunza zoezi hili mapema, akiwa hana maumivu, hulifanya vizuri zaidi akiwa na kidonda.

Kisha chakula, maana misuli haijengwi na hewa. Anayejiandaa kwa upasuaji au anayepambana na saratani kwa kawaida huhitaji gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 72 hadi 90. Yai moja lina kama gramu 6, gramu 100 za nyama au samaki aliyepikwa kama 25, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15. Igawe katika milo yote badala ya kuijaza jioni. Mwenye ugonjwa wa figo ambaye hajaanza kusafishwa damu asifuate kiwango hiki. Chake huwa ni cha chini na hupangwa na daktari.

Uliza pia kiwango chako cha damu mapema. Dawa za madini ya chuma huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na upungufu unaogunduliwa siku moja kabla ya upasuaji hauna tena muda wa kutibiwa kwa vidonge. Sigara, acha leo.

Zoezi la kuinuka kitini linafanywaje hasa?

Tungeruhusiwa kumpa mgonjwa zoezi moja tu, lingekuwa hili.

Sogea ukae ukingoni mwa kiti. Nyayo zote mbili ziwe chini, upana wa nyonga, na visigino virudi nyuma kidogo ya magoti. Inamisha kifua mbele mpaka pua ifike juu ya vidole vya miguu. Hapo toa pumzi na usukume sakafu kwa nyayo mpaka usimame wima, magoti na nyonga vimenyooka. Hesabu moja. Kisha shuka kwa kuhesabu mpaka tatu, usijiangushe. Kushuka polepole kunajenga misuli sawa na kupanda, na anayejiangusha anapoteza nusu ya faida.

Makosa ya kawaida ni matatu. Miguu ikiwa mbele mno, utayumba na kurudi kitini. Magoti yakiingia ndani, yataanza kuuma. Na ukibana pumzi, shinikizo la damu hupanda ghafla. Anza na mara 5, pumzika dakika moja au mbili, rudia mpaka upate seti mbili au tatu. Ukifika mara 12 kwa kila seti bila kuhangaika, ongeza ugumu: kiti kifupi kidogo, au mfuko wa kilo 2 umeukumbatia kifuani. Ukishindwa mwanzoni, weka mto mgumu juu ya kiti ili kiwe kirefu, upunguze urefu huo wiki kwa wiki.

Nitembee kwa kasi gani?

Kasi ya kuweza kuongea sentensi nzima lakini usiweze kuimba. Kwenye kipimo cha 0 hadi 10, ambapo 0 ni kupumzika na 10 ni kushindwa kabisa, lenga 3 hadi 5. Usitegemee mapigo ya moyo kama unatumia dawa za kuyapunguza kasi, kama vile bisoprolol, carvedilol au atenolol: utajichosha kupita kiasi ukingoja namba ambayo dawa haiiruhusu ifike.

Aliye dhaifu sana atembee dakika moja, apumzike dakika moja, mara tano. Wiki inayofuata atembee mbili, apumzike moja. Ongeza muda kwanza, kasi baadaye.

Niko kwenye tibakemikali na uchovu wangu hauelezeki. Si afadhali nipumzike?

Uchovu huu ni wa kweli, na si sawa na wa mtu aliyelima kutwa. Hauishi kwa kulala. Ukilala zaidi, misuli hupungua, kazi ileile inakuwa nzito, unachoka mapema zaidi, unalala tena. Mazoezi mepesi ni miongoni mwa tiba chache zilizothibitika kuupunguza. Kiwango kinachopendekezwa na wataalamu ni dakika 30 za mwendo wa wastani mara tatu kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu mara mbili. Hapo ni pa kufika. Si lazima uanzie hapo.

Kwanza daktari aangalie kama kuna kitu cha kutibiwa: upungufu wa damu, tezi ya shingo kufanya kazi polepole, usingizi mbaya, maumivu yasiyodhibitiwa, huzuni nzito. Mazoezi hayawezi kuziba pengo la himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni.

Kisha zijue siku zako. Kwa wengi, siku ya pili mpaka ya nne baada ya dripu ndizo mbaya kuliko zote. Siku hizo kazi yako ni kutolala kutwa: dakika tano ndani ya nyumba, mara tatu, na kula kwenye kiti badala ya kitandani. Nguvu zikirudi, ongeza. Wiki ya mwisho kabla ya dripu inayofuata ndiyo ya kufanya zaidi. Ukipanga kiwango kimoja kwa siku zote utashindwa siku mbaya, ukate tamaa, uache kabisa, ilhali mpango ndio uliokuwa mbaya.

Siku usiyojiweza, jaribu dakika tano. Zikiisha hali ikiwa ileile au nafuu, endelea. Ikizidi kuwa mbaya, acha bila kujilaumu. Ukijikuta umeporomoka siku nzima inayofuata, ulizidisha. Punguza kwa theluthi.

Wapo ambao kanuni hii haiwahusu: wenye ugonjwa wa uchovu sugu, au wale ambao baada ya maambukizi kama ya UVIKO-19 huporomoka siku moja au mbili baada ya kazi ndogo tu. Kuwasukuma waongeze kidogo kidogo kunaweza kuwadhuru. Wao hujifunza kubaki ndani ya mpaka wa nguvu zao.

Ni lini nisifanye mazoezi kabisa?

Ukiwa na homa ya nyuzi 38 au zaidi. Kwa mtu aliye kwenye tibakemikali hiyo ni dharura ya kwenda hospitali saa hiyohiyo, hata akijisikia vizuri.

Chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda, zikiwa chini ya 20,000 kwenye majibu ya maabara, baki kwenye kunyoosha viungo na kutembea chumbani, kwa ruhusa ya wanaokutibu. Kati ya 20,000 na 50,000 tembea, lakini usibebe vizito, usibane pumzi, na uepuke lolote linaloweza kukuangusha. Himoglobini ikiwa chini ya gramu 8 kwa desilita, au shinikizo la damu likiwa 180/110 au zaidi ukiwa umepumzika, uliza kwanza.

Ukiwa katikati ya zoezi, simama mara moja ukipata maumivu au kubanwa kifua, kizunguzungu cha kutaka kuzimia, mapigo yasiyo na mpangilio, au pumzi isiyotulia baada ya dakika chache za kupumzika. Maumivu ya kifua yasiyoisha ni ya kuita gari la wagonjwa. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, huenda damu imeganda ndani ya mshipa: usilikande, usilitembeze, nenda hospitali.

Saratani imefika kwenye mifupa. Bado inafaa?

Mara nyingi ndiyo, ila si kwa kubahatisha. Mtaalamu wa fiziotherapia ajue ni mifupa gani hasa, kisha mazoezi yapangwe kuikwepa. Ikiwa ni uti wa mgongo, usikunje mgongo huku umebeba kitu, usijizungushe kiunoni kwa nguvu, usiruke. Ikiwa ni paja au nyonga, usisimamie mguu huo peke yake. Maumivu mapya ya mfupa yanayozidi usiku, au yanayokuja unapokanyaga, ni ya kupigiwa simu siku hiyohiyo. Miguu kufa ganzi au kulegea ghafla, au kushindwa kuzuia haja, ni dharura ya uti wa mgongo.

Niliondolewa titi na tezi za kwapa. Niliambiwa nisibebe kitu maisha yangu yote.

Ushauri huo umepitwa na wakati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kwa wanawake wenye mkono uliovimba baada ya saratani ya titi ulionyesha kuwa kunyanyua uzito kwa kuongeza polepole hakukuzidisha uvimbe. Kidonda kikishapona na daktari akiruhusu, anza na nusu kilo, ongeza kidogo pale tu mkono unapobaki salama wiki nzima. Pima mzunguko wa mkono mahali palepale kila wiki. Kama tayari umevimba, vaa soksi ya mkono, ile ya kubana uvimbe, wakati wa zoezi.

Moyo wangu umedhoofika. Sitaupasua?

Moyo dhaifu uliotulia kwa dawa hufaidika na mazoezi, na programu za kusimamiwa baada ya ugonjwa wa moyo hupunguza kulazwa tena. Tumia dakika kumi kuanza polepole na kumi kumalizia polepole. Kusimama ghafla huiacha damu miguuni na shinikizo kushuka. Jipime uzito kila asubuhi baada ya haja ndogo. Ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku tatu, hayo ni maji, wala si unene: acha mazoezi na upige simu hospitali.

Mapafu je?

Vuta hewa puani kwa hesabu ya mbili, itoe kwa hesabu ya nne ukiwa umekunja midomo kama anayepiga mluzi. Toa pumzi wakati wa juhudi, yaani unapopanda au kuinua. Ukiishiwa, inama mbele na uegemeze viwiko mezani. Kama una kipimo cha oksijeni cha kidoleni, uliza kikishuka hadi kiwango gani usimamishe zoezi. Kwa wengi ni kati ya asilimia 88 na 90.

Na anayesafishwa damu, au mwenye kisukari?

Wa figo anaweza kuendesha baiskeli ya kitandani akiwa kwenye mashine, katika nusu ya kwanza ya muda, kwa kuwa baadaye shinikizo hushuka. Mkono wenye sindano utulie. Mwenye kisukari anayetumia insulini apime kabla: sukari ikiwa chini ya 5 mmol/L, yaani 90 mg/dL, ale kwanza. Akague nyayo kila jioni, hasa kama zina ganzi.

Nimetoka kufanyiwa upasuaji. Niinukeje kitandani?

Kabla hata ya kuinuka, pindisha vifundo vya miguu juu na chini mara kumi kila saa, na ufanye lile zoezi la pumzi. Kukohoa, kumbatia mto juu ya kidonda.

Kuinuka: kunja magoti, geuka ubavu mzima kwa pamoja, mabega na nyonga vikienda sawa. Teremsha miguu nje ya kitanda huku ukisukuma godoro kwa mkono wa juu na kiwiko cha chini. Usijivute kwa kunyanyua kichwa na tumbo, hapo ndipo mshono unapokazwa. Kaa ukingoni dakika mbili nzima, ukichezesha miguu; wengi huzimia kwa kuiruka dakika hizo. Kisha simama, mtu akiwa kando. Omba dawa ya maumivu kama nusu saa kabla. Baada ya upasuaji wa tumbo, wagonjwa wengi hukatazwa kubeba zaidi ya kilo 4 au 5 kwa wiki sita hivi. Fuata kiwango ulichopewa wewe.

Namuuguza mzazi wangu. Nimsaidieje bila kumchosha?

Usimfanyie anachoweza kukifanya, hata kama kinamchukua dakika kumi. Kumvalisha shati kila asubuhi kwa upendo ni kumnyima zoezi la mabega. Akiinuka, usimvute kwa mikono wala makwapa, bega linaweza kutoka. Simama upande wake dhaifu, weka kiganja mgongoni, mhesabie, naye asukume mwenyewe. Usiku acha taa njia ya chooni na uondoe zulia linaloteleza.

Nimekatiza wiki mbili kwa sababu ya kulazwa. Nirudie nilipoishia?

Hapana. Rudi kwenye nusu ya muda na nusu ya uzito uliokuwa ukifanya, ongeza kila baada ya siku tatu au nne kama kesho yake huamki hoi. Kama ulilazwa kwa homa, subiri mpaka iishe kabisa na chakula kirudi. Rudia kipimo cha kiti siku ya kwanza, na kwenye kliniki inayofuata peleka daftari lenye namba hizo, dakika ulizotembea na uzito wako: daktari atayaona kwa haraka mabadiliko ambayo wewe, ukiyaishi kila siku, huyatambui.